Babu Kaondoka na Ulimi

Pale Mingoyo, barabara inapogawana, moja ikishika Mtwara na nyingine ikipanda bara, kuna benchi ambalo halikununuliwa wala halikuchongwa na seremala. Ni mbao mbili za kupigia zege, zingali na madoa ya saruji, zimelazwa juu ya matofali. Aliyezilaza ni Ismaili, fundi mwashi, ingawa hapo hakuna amwitaye Ismaili. Wote humwita Constructor, kwa C, kama lilivyoandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa pimamaji yake, kile kipande cha alumini chenye tone la hewa la kuonyesha kama ukuta umenyooka. Kahawa ya benchi hilo ni ya Nurdin, mtu wa maneno machache na birika refu. Mabishano ni ya Abdulatifu, aitwaye Rufaa kwa kuwa tangu azaliwe hajakubali uamuzi wa mtu yeyote, awe refa, hakimu au mkewe. Na kimya cha benchi ni cha Jerome, fundi kijana aliyefundishwa kazi na Constructor, nao humwita Lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango, kwa sababu hubeba mengi na hasemi. Siku zote Constructor na Lenta hukaa bega kwa bega. Siku hiyo walikaa kila mmoja mwisho wake, na Rufaa katikati akipitisha vikombe.

— Umeshindaje, Constructor? — Nurdin aliuliza.

— Nimeibiwa.

— Nini?

— Jina.

Nurdin akamimina. Katika maisha yake ya birika alikwisha kusikia watu wakiibiwa kuku, baiskeli, na mmoja mchumba. Jina lilikuwa la kwanza.

— Kunywa kwanza, — akasema. — Halafu tueleze lilikuwa limewekwa wapi.

Constructor akawaonyesha simu. Umoja wa mafundi ulikuwa umefungua ukurasa wa simu ambamo kila fundi alitakiwa kujiandikisha kwa jina lake la kazi, lile wateja wanalomjua nalo, pamoja na namba yake. Wajenzi wa zahanati mpya walikuwa wamesema wataita mafundi kutoka humo humo, na mlango wa kujiandikisha ungefungwa siku hiyo jua likizama. Constructor alikuwa ameandika jina lake alfajiri, kabla hata hajapata kandambili ya pili. Ukurasa ukamjibu: Jina hili lina mwenyewe.

— Labda ulijiandikisha jana ukasahau, — alisema Rufaa. — Mwenda pole hajikwai.

— Sijajiandikisha. Na wametangaza kwamba atakayejiandikisha mara mbili anafutwa kabisa. Sasa mimi naonekana wa mara mbili, na hata hiyo ya kwanza sijaipata.

— Andika Ismaili basi, — alisema Nurdin.

— Ukiita Ismaili pale sokoni, nusu ya soko inageuka. Mteja atampata yupi?

— Andika Konstrakta, kwa K.

— Halafu anayenitafuta kwa C anampata huyo aliyeniibia, namtengenezea na wateja. Hapana.

Alisema hivyo akiitazama kahawa yake, lakini sauti aliipeleka mwisho wa pili wa benchi. Jerome aliisikia ikifika.

Hapo inafaa kusema jambo ambalo benchi zima lililijua. Mtu wa kwanza kuitwa Constructor pale Mingoyo hakuwa Ismaili. Alikuwa Mzee Ignatius, baba yake Jerome, aliyefanya kazi ujanani kwenye kampuni ya barabara, akarudi na ovaroli iliyoandikwa neno hilo mgongoni. Ovaroli ilichakaa, jina likabaki. Mzee alipofariki, Jerome alikuwa bado anavaa kaptura ya shule, na pimamaji ikaenda kwa mwanafunzi wake mkubwa, Ismaili. Jina likaifuata pimamaji. Rangi nyekundu inapofifia, Ismaili huipaka upya, akifuata mkono ule ule wa mzee, hata ile R iliyoinama.

— Lenta, — alisema Rufaa, ambaye hakuweza kuona shimo asitie mguu, — wewe umejiandikisha?

— Ndiyo.

— Kwa jina gani?

— Lenta.

— Una uhakika?

Jerome akatoa simu, akaandika lenta, akawaonyesha. Jina lake na namba yake, vyote mahali pake.

— Hiyo haitoshi, — alisema Rufaa. — Mtu anaweza kuwa na moja la kuonyesha na moja la kuficha. Haba na haba hujaza kibaba. Leo jina, kesho kiwanja.

— Mtafuteni huyo mwenyewe basi, — alisema Nurdin. — Si ametajwa kuwa yupo? Ana namba. Mpigieni.

Lilikuwa wazo jema, na kila mtu akashangaa kwamba halikutoka kwa Rufaa. Constructor akaandika constructor kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukurasa ukafikiri kidogo, ukaleta jibu. Jina: constructor. Na pale panapokaa namba ya simu, palikuwa na maneno ya Kiingereza: function, Object, halafu mbele kidogo, native code.

Simu ikapita mkono kwa mkono.

— Function naijua, — alisema Rufaa. — Ni shughuli, sherehe ya watu wakubwa. Shemeji yangu alialikwa function kule Lindi, wakala pilau. Kwa hiyo jina lako limepelekwa kwenye sherehe.

— Kufanya nini?

— Hilo tutalijua. Object ndiye mwenye sherehe. Mzungu. Sasa angalia hapa mwisho: native. Hili neno liko kwenye karatasi ya babu yangu, ya wakati wa Mwingereza. Native ni sisi, wenyeji. Na code ni alama ya siri. Umeelewa? Mwingereza alipita huku akaandika mafundi wote wa Lindi kwa alama za siri, akaondoka nazo. Ndizo hizi zinarudi.

— Mwingereza aliwaandika kwenye simu? — aliuliza Constructor.

— Simu zilikuwepo. Za kuzungusha.

Nurdin akasugua kikombe kwa kitambaa.

— Mimi sina elimu ya Mwingereza, — akasema. — Lakini mwenye jina hilo kabla ya huyu tunamjua. Labda ni Mzee Ignatius mwenyewe.

— Amekufa, Nurdin, — alisema Constructor.

— Ndiyo maana namba haipatikani.

Hakuna aliyecheka. Rufaa alilipima wazo hilo akaliona lina mashiko kuliko lake, jambo lililomuudhi.

— Ikiwa ni mzee, — akasema, — basi hajaridhika. Inatakiwa asomewe.

— Alikuwa Mkatoliki, — alisema Nurdin.

— Basi misa.

— Misa ilisomwa, — alisema Jerome. — Ulikula wali.

— Niliula kwa heshima, — alisema Rufaa. — Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Constructor aliweka kikombe chini. Tangu alfajiri alikuwa na swali, na yale maneno ya Nurdin kuhusu mzee yalilisukuma likatoka.

— Lenta. Nakuuliza mara moja, sitarudia. Wewe ni mtoto wa mzee. Mtu akikwambia jina hili ni la baba yako, uliandike wewe, nisingeshangaa. Umeliandika?

Jerome alingoja lori la korosho lipite na vumbi lake litulie.

— Ningelitaka jina la baba, — akasema, — ningeliomba siku ulipochukua pimamaji. Nilikuwepo. Nilikubebea hadi nyumbani kwako.

Rufaa, aliyekuwa katikati, alitamani kwa mara ya kwanza angekaa pembeni. Constructor aliitazama pimamaji iliyolala mapajani mwake. Alikuwa ameisahau ile safari: mtoto wa kaptura akitembea nyuma yake na pimamaji begani kama bunduki.

— Na nimempigia aliyetengeneza huo ukurasa, — Jerome aliongeza. — Tangu asubuhi. Ametoka Mitwero, yuko njiani.

Aliyetengeneza ukurasa aliitwa Jenipher. Alishuka kwenye gari linaloelekea Mtwara na begi mgongoni, akavuka barabara, akainama kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — walijibu kwa pamoja, isipokuwa Jerome aliyesema mambo.

Alinyweshwa kahawa kabla ya kuulizwa, kisha akapewa simu. Alipoona function na Object na native code mahali pa namba, alifunika uso kwa kiganja.

— Baba yangu, — alimwambia Constructor, — hujaibiwa. Kosa ni langu.

— Umeliandika wewe jina langu?

— Hapana. Halikuandikwa na mtu. Lilikuwamo kabla sijaanza.

— Nilisema Mwingereza, — alisema Rufaa.

Jenipher akafungua kompyuta magotini. Alikuwa na subira ya mtu aliyekwisha kumweleza mama yake kazi anayofanya.

— Majina ya mafundi nimeyaweka kwenye kamusi. Sio ya karatasi, ya ndani ya mtambo. Jina upande huu, namba upande huu. Nimeitengeneza kwa lugha inayoitwa JavaScript. Sasa kwenye lugha hiyo kamusi haizaliwi tupu. Ina babu. Alivyonavyo babu, na yenyewe inavihesabu vyake. Na kimoja cha vitu vya babu kinaitwa constructor.

— Kwa C? — aliuliza Constructor.

— Herufi zile zile. Kwa hiyo ukiandika jina lako, mimi naiuliza kamusi: unalo hili? Inajibu ninalo. Haisemi uongo. Analo babu yake.

— Haisemi uongo, — Constructor alirudia, polepole.

— Kosa ni namna nilivyouliza. Niliuliza unalo, badala ya kuuliza unalo la kwako mwenyewe.

Wote walikuwa wamewahi kukaa kwenye vikao vya mirathi, na walijua maswali hayo mawili hayako kijiji kimoja.

— Na native code? — aliuliza Rufaa, kwa heshima ya babu yake.

— Maana yake sehemu hiyo imekuja na mtambo wenyewe. Haikuandikwa na mimi.

— Yaani ni mwenyeji wa humo.

— Eeh. Unaweza kusema hivyo.

— Nilisema, — Rufaa akawaambia wote, mmoja mmoja.

Jenipher alikuwa amekwisha kuanza kuandika. Alisema dawa ni kuitengeneza kamusi isiyo na babu. Ipo amri ya kufanya hivyo, unaiambia mzazi wako ni hakuna. Kamusi tupu kabisa, isiyo na ukoo, na kilichomo ni kile tu alichokiweka yeye.

— Mtoto wa kuokota, — alisema Nurdin.

— Ndiyo. Wa kuokota hana cha kurithi, kwa hiyo hachanganyi.

Akahamisha majina yote, akabonyeza. Akamwambia Jerome ajaribu. Jerome akafungua orodha ya mafundi, na ukurasa ukabaki mweupe. Akaandika lenta. Mweupe. Rufaa akajaribu kwa simu yake. Mweupe.

— Sasa imekuwa haki, — alisema Rufaa. — Hakuna mwenye jina.

— Jua linakwenda, — alisema Constructor. Hakulaumu, ila alilitazama jua. Alianza kuhisi kwamba yeye peke yake amewafutia mafundi wote wa Mingoyo majina yao, na kwamba hilo ndilo watakalomkumbuka nalo.

Kompyuta ilikuwa imeandika mstari mwekundu. Jenipher akausoma kwa sauti:

— hasOwnProperty is not a function.

— Not a function, — Rufaa akatafsiri. — Sherehe imeahirishwa.

Jenipher alitikisa kichwa, lakini safari hii alitabasamu, kwa kuwa alikuwa ameliona.

— Sikilizeni. Pale ninapoonyesha orodha, nilikuwa nauliza vizuri. Naigeukia kamusi yenyewe, nauliza: hili ni lako mwenyewe? Lakini kule kuweza kujibu swali hilo, nako kulikuwa kwa babu. Ni babu aliyewafundisha wajukuu wote kujibu. Nilipomtoa babu...

— Kaondoka na ulimi, — alisema Jerome.

Wakamgeukia. Kwa Lenta hayo yalikuwa maneno mengi.

— Kaondoka na ulimi, — Jenipher akakubali. — Kamusi imebaki na mali yake yote, safi, lakini ukiiuliza haina mdomo wa kujibu. Na mtambo ukimuuliza bubu, haungoji. Unaanguka.

— Sasa mrudishe babu, — alisema Rufaa.

— Nikimrudisha anarudi na constructor wake.

— Basi asiye na bahati habahatishi.

Constructor alijikuta anainama mbele. Alikuwa amesahau hasira. Alifikiri juu ya mtu aliyepewa vitu na marehemu, akapewa na namna ya kuvisemea; ukimwondolea cha marehemu, atasema nini, na kwa sauti ya nani?

— Kwenye msiba huku kwetu, — Jenipher aliendelea huku akiandika, — nani anauliza marehemu ameacha nini?

— Mtani, — alisema Nurdin.

— Kwa nini si mtoto?

— Mtoto analia. Tena ni mhusika. Mtani anasimama nje ya ukoo, anasema hata yasiyosemeka, na hakuna wa kumkasirikia.

— Ndivyo. Kwa hiyo simuulizi kamusi tena. Ipo amri inayosimama nje kama mtani, inaitwa hasOwn. Unaipa kamusi, unaipa jina, inafungua sanduku yenyewe, inatazama, inasema lipo au halipo. Mfiwa hahitaji kuwa na ulimi.

— Kwa nini hukuanza na mtani? — aliuliza Constructor.

— Nilifundishwa ile ya kumuuliza mwenyewe. Waliofundisha nao walifundishwa hivyo.

— Na babu sasa arudi, maana mtani yupo?

— Angeweza. Mtani hadanganyiki na vya babu. Lakini namwacha nje, maana siku moja atakuja mwandishi mwingine kuuliza bila mtani, na babu akiwamo atadanganyika. Na pale pa namba nitaweka mlinzi, kisichokuwa tarakimu kisionyeshwe. Tusipigiane na Object.

Akabonyeza. Orodha ikarudi simuni kwa Jerome, Lenta akiwa mahali pake. Rufaa akatafuta jina la jirani yake anayemdai, akampata, akasikitika. Kisha Constructor, kwa kidole kilichozoea mwiko kuliko kioo, akaandika jina herufi moja moja. Ukurasa ukafikiri. Ukaandika: Karibu, fundi.

Hakushangilia. Alivuta pumzi, akaisukuma simu mfukoni, kisha akaitoa tena kuhakikisha. Alijua kuna neno anapaswa kulitupa mwisho ule mwingine wa benchi. Alilitafuta, akaliona kubwa, akatafuta dogo.

— Lenta.

— Naam.

— Kahawa yako imepoa.

— Nainywa hivyo hivyo.

Pengine siku ingeishia hapo, na Rufaa angekuwa tayari na methali. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameshuka kwenye basi, na kikapu mkononi, akawa anauliza vibandani. Vibanda vikamwelekeza kwenye benchi.

— Asalaam aleikum. Naitwa Kibibi, natoka Mitole, kule Kilwa. Nimeambiwa mafundi hukaa hapa.

— Waleikum salaam. Ndipo hapa, — alisema Nurdin.

— Namtafuta Constructor.

Ismaili akafungua kinywa aseme ni mimi. Jina lilikuwa bado linawaka kwenye kioo.

— Alimjengea mama nyumba, — Kibibi aliendelea, — mimi nikiwa msichana. Alikaa kwetu na watu wake msimu mzima. Sasa ukuta wa jikoni umefanya ufa, na mama hataki uguswe na mtu mwingine. Amesema tu, niletee Constructor.

Ismaili akafunga kinywa. Aliikumbuka nyumba hiyo, harufu ya mihogo inayoanikwa uani, na Mzee Ignatius akipiga chafya kila alipochanganya chokaa.

— Ni yupi kati yenu?

Rufaa, awezaye kubishana na mvua, alitazama ndani ya kikombe chake. Jenipher, aliyekuwa anafunga kompyuta, aliuacha mkono wake juu ya kifuniko.

— Pembe za nyumba ile alizisimamisha baba, — Jerome alisema mwishowe. — Katikati alijaza huyu.

— Na wewe?

— Ilikuwa likizo. Nilibeba maji.

— Haya. Constructor ni yupi?

Nurdin aliinamisha birika. Kilichobaki kilitosha kikombe kimoja. Akakijaza, akakiweka juu ya ubao, mbele ya Rufaa, kwa kuwa hakujua aelekee upande gani. Ismaili akanyoosha mkono, akakisukuma hadi kwa Jerome. Kisha akaichukua pimamaji kutoka mapajani, akaitazama ile R iliyoinama, akampa.

— Shika wewe, — akasema. — Mimi nitabeba mwiko.

Jerome akanywa nusu, akamrudishia kikombe. Akaiweka pimamaji begani.

— Basi la Kilwa linasimama upande wa pili, — akasema.

Wakavuka wote wawili, na Kibibi nyuma yao na kikapu, akiuliza amwambie mama anakuja nani. Sauti yake ilisikika mpaka basi lilipoziba. Nurdin akafunika vikombe kimoja juu ya kingine.

— Mimi, — alisema Rufaa baada ya muda, — jibu hilo siwezi kulikatia rufaa. Halijatolewa.